Talaka Tatu na Pikipiki ya Ng'onda

Habari kwamba huenda nikaachwa niliipata kisimani, nimeinama, ndoo ya pili haijajaa. Jirani yangu mmoja aliniambia pole. Nikamwuliza pole ya nini, maana nyumbani kwetu hapakuwa na mgonjwa wala msiba. Akasema, "Hee! Kwani hujaambiwa?" kwa sauti ya mtu aliyeomba usiku kucha nisiwe nimeambiwa, ili anikute mbichi aniambie yeye.

Ndipo akanieleza. Jana yake, baada ya tarawehe, kwenye baraza la kahawa pale Mlandizi, mume wangu alikuwa ameapa mbele ya watu wazima na akili zao kwamba siku ya Idi pili, kwenye mashindano ya pikipiki, asipokuwa wa kwanza, mke wake ameachika talaka tatu. Mke wake ni mimi. Hakuwa na mwingine wa kuapia.

Nilijaza ndoo yangu, nikajitwika. Nikamshukuru jirani kwa kuwa nimefundwa, kisha nikaenda nyumbani na hasira ambayo hata leo, uzeeni, nikiikumbuka hunipasha joto.

Ilikuwa miaka ya hamsini, bendera ya Mwingereza ingali inapepea bomani Kisarawe. Mume wangu alikuwa mchuuzi wa samaki wakavu. Alifuata ng'onda Dar es Salaam, akaifunga kwenye tenga nyuma ya pikipiki, akarudi nayo kwa barabara ya Morogoro akiuza njiani, Kibaha, Pangani yetu hii ya huku, mpaka Mlandizi. Pikipiki yenyewe ilikuwa ndogo, ya kumfikisha mtu kazini na kumrudisha, wala si ya kufanyia makeke. Aliinunua kwa mtu aliyeinunua kwa mtu. Ilikuwa imekunywa maji ya samaki mpaka ikawa samaki yenyewe. Ukiiegesha nje ya msikiti, ulipotoka ulikuta paka wameizunguka, wamekaa kwa utulivu, wanasubiri zamu.

Waliokuwa na pikipiki ndogo za namna hiyo upande wetu walikuwa wachache na wote walijuana. Alikuwapo mwalimu wa chuo cha Kurani, ambaye sote tulimwita Mwalimu tu. Alikuwapo nyapara wa shamba la katani. Alikuwapo fundi cherehani mmoja, na wengine watatu wa biashara ndogo ndogo. Kila Idi pili mzungu wa shamba aliwaruhusu kushindana kwenye njia ya mikokoteni iliyouzunguka uwanja wa kuanikia katani. Njia ilichorwa kwa chokaa, mshindi akapewa taa ya karabai, na sisi tukapata cha kuzungumza mpaka Idi ya kuchinja. Mume wangu alikuwa ameshiriki mara mbili. Mara zote mbili alifika watu wakiwa wanakung'uta mikeka.

Sasa yule nyapara wa katani alikuwa mtani wetu. Yeye Mnyamwezi, sisi Wazaramo, na utani wetu nani asiyeujua? Mtani akikutukana unacheka. Akibeba kuku wako unamsindikiza. Ukikasirika, mkosaji ni wewe. Siku ya harusi yangu nyapara huyu alilala kifudifudi mlangoni, akasema bibi harusi hapiti mpaka yeye avishwe kanga. Akavishwa, akaenda nayo kwao ameivaa, akaivaa wiki nzima kazini.

Usiku ule barazani alimwambia mume wangu, "Pikipiki yako ikipita, kuku hawaondoki barabarani. Wanakaa wakungoje uwaombe njia." Baraza zima likacheka. Mume wangu naye alitakiwa acheke, kisha ajibu kwamba pikipiki ya Mnyamwezi inakula ugali, au aseme lolote la mama yake mtani, na mambo yaishe. Lakini siku hiyo alikuwa amepasukiwa na tairi mara mbili, amefunga, amesukuma kilomita sizijui ngapi juani, na hata futari haikumpoza. Akasimama akaapa. Nasikia muuza kahawa aliacha kugonga vikombe vyake, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Talaka, na mwezi mtukufu huo, kwa ajili ya utani! Utani hujibiwa kwa utani. Mpaka siku hiyo sikuwa nimesikia mwanamume aliyejibu utani kwa mke.

Nilipofika nyumbani nilimkuta uani anapaka cheni ya pikipiki mafuta ya nazi. Yalikuwa mafuta yangu ya nywele.

"Nasikia nimeachwa," nikamwambia.

"Hujaachwa bado."

"Bado!"

"Si nitashinda? Shaka iko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidevu shaka ilipo. Ilikuwa imeegemea mpapai, inavuja.

Kumsema sana sikumsema. Mimi nikisema sana hasira hunitoka, na hiyo nilitaka ikae. Nilijifunga kanga, nikamchukua wifi yangu, dada yake mume wangu, mwanamke wa maneno machache na mkono mzito, tukaenda kwa Mwalimu. Tulimkuta nje ya chuo amechuchumaa mbele ya pikipiki yake, anaifuta tangi kwa kitambaa laini kuliko kilemba chake. Mwalimu alikuwa mcha Mungu wa kweli, simsengenyi, lakini ile pikipiki aliipenda. Katika mashindano alipandisha kanzu mpaka kiunoni, akaikaza kwa mkanda, na hapo hapakuwa na wa kumkamata.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, wanangu. Najua kilichowaleta."

Nikamwuliza kama kiapo kile kina uzito. Akatikisa kichwa kwa huzuni. Kina uzito wote. Nikamwuliza, je, mume wangu akiugua siku hiyo? Akiamua kukaa nyumbani? Mwalimu akasema mume wangu ameapa atakuwa wa kwanza. Asipokuwa wa kwanza, kwa kushindwa au kwa kutotokea, mimi si mkewe tena, na kwa talaka tatu hakuna kurejeana mpaka niolewe kwingine na niachike huko.

"Kwa hiyo hakuna njia," wifi akasema.

"Njia ipo moja," Mwalimu akasema. "Ashinde."

Kisha sote watatu tukaitazama pikipiki ya Mwalimu, na nadhani tuliwaza jambo lilelile, maana aliacha kuifuta.

Wiki zilizofuata nilijifunza mengi kuhusu majirani. Mmoja alikuja kuazima chumvi, akakiangalia chungu changu kikubwa kwa macho ya mtu anayekadiria mirathi. Mzee mmoja mjane, mwenye minazi mingi na meno machache, alianza kupita mbele ya nyumba yetu asubuhi na jioni, naye shamba lake liko upande mwingine kabisa. Alinisalimia kwa upole mwingi. Nami nilimjibu kwa upole zaidi, mume wangu akiwa karibu, kwa sababu nilitaka asikie. Jioni mjane aliponiletea mkungu wa ndizi, nilizipika, nikampakulia mume wangu futari. Akala. Aliponiuliza ndizi nzuri hivi zimetoka wapi nikamwambia, "Kwa mchumba wangu." Akapaliwa.

Lakini usidhani nilikuwa nacheza muda wote. Kwetu ni Kibuta. Mama, Mungu amrehemu, aliniachia huko shamba la mihogo na mikorosho, na katika ukoo wetu kitu cha mama hakuna mume wa kukigusa. Nilikuwa na pa kwenda. Nilipokuwa nikisonga ugali wa daku nilikuwa nikiwaza: kaka zangu watanipokea, nitajenga kibanda changu, na hakuna mtu atakayenipeleka barazani kama kikombe cha kahawa. Niliwaza hivyo kuliko nilivyomwambia mtu yeyote. Kisha mume wangu alikohoa ndani, na nikajua ni yeye kwa kikohozi tu, na roho ikanilainika, na kulainika huko kukanitia hasira upya.

Nilijua mambo ni mazito siku mtani alipokuja analeta kuku badala ya kuchukua. Alisimama mlangoni na jogoo kwapani, macho chini.

"Shemeji," akasema, "mimi nilitania pikipiki. Wewe sikukutania."

"Umeniachisha, Mnyamwezi wewe."

"Najua. Nimekosa usingizi. Lakini nimeongea na wenzangu. Wote tutashindwa."

Hivyo ndivyo mpango ulivyozaliwa. Waendeshaji sita, Mwalimu akiwamo, walikubaliana kwamba siku ya Idi pili hakuna atakayempita mume wangu. Sharti lilikuwa moja, yeye asijue. Akijua angekataa ushindi wa kupewa. Kichwa chake nakifahamu, kigumu kuliko mbata. Mji mzima uliambiwa, watoto kwa wakubwa, akabaki yeye peke yake, na mji mzima ukafunga mdomo. Mpaka leo sijui watu wa Mlandizi waliwezaje.

Ila kushindwa na pikipiki ile halikuwa jambo jepesi. Siku moja alasiri, mume wangu akiwa Dar, nilikwenda makusudi kukata kuni upande wa shamba la katani. Hapo niliona kitu ambacho sijakiona tena maishani: wanaume sita wazima, wamefunga, wanashindana kuchelewa. Walikuwa wakifanya mazoezi. Pikipiki ikienda polepole sana huanza kuyumba, kisha huzima. Fundi cherehani alikwenda polepole mpaka akalala ubavu pamoja na mashine yake, taratibu, bila hata kupiga kelele. Mtani naye akamwangukia juu. Mwalimu peke yake ndiye aliyekuwa mbele, kila mzunguko mbele, kanzu kiunoni, ndevu zinapepea.

"Mwalimu, shikamoo!" nikapaza sauti. "Hiyo unayoipita ni ndoa yangu!"

"Marahaba, binti yangu. Nisamehe. Mashine hii haina polepole."

"Mashine inayo," mtani akasema akijifuta mchanga. "Mkono wako ndio hauna."

Akachonga kijiti, akakichomeka kwenye usukani wa Mwalimu, pale mkono unapozungushwa kuongeza mafuta, ili usizunguke zaidi ya nusu. Mwalimu alikitazama kijiti kile kama mtu aliyefungwa pingu, lakini akakiacha.

Idi ikaja. Idi mosi tukasali, tukala, tukatembeleana. Idi pili baada ya alasiri watu wote wakahamia shambani, nguo mpya, marashi, watoto na mapulizo yao. Wanawake tulitandika mikeka kwenye kona ya mwisho, yenye mchanga, karibu na mstari wa kumalizia. Nilivaa kanga mpya. Nilijisemea kwamba kama ni kuachwa, niachwe nimependeza.

Mume wangu alikuwa amelishusha tenga, ameisugua pikipiki kwa majivu na ndimu. Bado paka wawili walimfuata mpaka penye chokaa. Alinitazama kwa mbali, akaniinulia mkono. Nikajifanya nawafukuza nzi.

Mashine saba zilikuwa zimepangwa, zinatetemeka, mtani akiwa juu ya yake na msaidizi wake ameshika nondo tayari kugonga kipande cha reli, ndipo ikaja ya nane. Ilikuwa inang'aa. Juu yake alikaa dresa mgeni, mfunga vidonda wa zahanati, kijana wa mjini aliyehamishiwa huku siku zilezile, amevaa kofia ya ngozi na miwani ya vumbi. Kasikia kuna mashindano, kaja kushindana. Hakuna aliyekuwa amemjua, kwa hiyo hakuna aliyekuwa amemwambia.

Nilimwona mtani akiinama kumnong'oneza. Lakini pikipiki nane zikinguruma pamoja hakuna mnong'ono unaopita. Dresa alitikisa kichwa, akatabasamu, akajibu, "Ahsante, mzee! Na wewe pia!" Reli ikagongwa.

Mizunguko ilikuwa mitano. Ule wa kwanza dresa alipita mbele ya kona yetu peke yake, chombo kinalia vizuri kabisa, Mungu anisamehe nilikisifu moyoni. Baada ya muda mrefu akaja mume wangu, amelala juu ya tangi, uso umekunjamana kwa bidii, moshi mweusi nyuma. Nyuma ya moshi wakaja wale sita, mmoja nyuma ya mwenzake, wamenyamaza, kama wanasindikiza jeneza.

Watu wakaanza kumpigia dresa kelele. "Punguza! Punguza! Ana mke! Ana mke!" Dresa akatupungia mkono. Alidhani anashangiliwa, na nadhani alishangaa kidogo jinsi watu wa huku wanavyoshangilia.

"Huyu atakuacha," wifi akaniambia.

"Si yeye ndiye atakayeniacha," nikasema. "Ni kaka yako."

Mzunguko wa tatu wa mume wangu, dresa akiwa ameshaingia wake wa mwisho, mtani akamgeukia Mwalimu, akampa ishara. Nilimwona Mwalimu kwa macho yangu. Aling'oa kile kijiti, akakitupa mbali, akasema Bismillahi kwa sauti ambayo hata sisi tuliisikia, na akaondoka. Masikini pikipiki ile, ilikuwa imezuiwa muda mrefu. Kanzu ilimfunguka ikapepea nyuma yake. Watoto walipiga mayowe. Alimfikia dresa upande wa mbali, wakawa bega kwa bega, na Mwalimu akawa anampigia kelele, "Simama, mwanangu! Ndoa ya watu! Ndoa ya watu!" Dresa akaona mzee mwenye ndevu anamtishia, akainama, akaongeza moto. Wakaingia konani pamoja. Mwalimu aliijua kona ile. Dresa hakuijua, akanyoosha moja kwa moja, akaingia kwenye lundo la makapi ya katani mpaka kiunoni.

Tulishangilia kwa aibu kidogo. Kisha tukanyamaza, kwa sababu sasa aliyekuwa mbele ni Mwalimu.

Alikuja kuelekea kwetu peke yake, njia nyeupe mbele yake, na hakuna mtu kati yake na taa ya karabai. Uso wake ulikuwa wa kijana wa miaka ishirini. Niliuona ule mtihani ukimpitia. Akatazama mstari, akatuona wanawake tulivyosimama, akaniona mimi. Akapunguza moto, akaelekeza pikipiki pembeni mwa mkeka wetu, akashuka, akaanza kufungua plagi.

"Mwalimu," wifi akamwuliza, "imekufa?"

"Imekufa."

"Mbona inalia?"

"Itakufa sasa hivi," akasema, akaizima. Alikaa chini akatupa mgongo.

Mume wangu akapita, akaingia mzunguko wa nne, akaumaliza, akaingia wa tano. Wale watano walimfuata nyuma kwa subira. Upande wa mbali dresa alikuwa amejitoa kwenye makapi, anaunyoosha kwa mguu usukani wake uliopinda. Nilianza kuhesabu moyoni ndoa yangu imebakiza nini, na nikaona imebakiza kona moja.

Kwenye kona hiyo, mchangani, mbele yetu, pikipiki ya ng'onda ilikohoa mara moja ikanyamaza.

Mume wangu akaipiga kiki. Akaipiga tena. Akaipiga kwa mguu wa kulia, akabadilisha, akaipiga kwa wa kushoto. Nyuma yake zile pikipiki nyingine zikaanza kufa moja baada ya nyingine, kwa adabu. Ya mtani ilikufa. Ya fundi cherehani ikafa, naye kwa mara ya kwanza hakuanguka. Wote wakachuchumaa wakatazama plagi zao kama watu wanaosoma dua. Hakuna aliyeweza kwenda kumsukuma, maana angejua. Na upande wa mbali tukasikia chombo cha dresa kikiwaka.

Mume wangu akaanza kuikokota. Mchanga ulikuwa mzito na gurudumu la nyuma likawa linazama. Mstari haukuwa mbali, ungeweza kurusha embe likafika, lakini alikuwa hasogei. Jasho lilimtiririka mpaka kanzu ya Idi ikamganda mgongoni. Hakuangalia pembeni. Alikuwa anasukuma kama mtu anayejua hasa anachokisukuma.

Nilimpa wifi mtandio wangu. Nikakaza kanga kiunoni, nikavua makubazi, nikaingia njiani. Nyuma yangu wanawake wakapiga vigelegele, mwanamke mmoja akauliza kama inaruhusiwa, na wifi akamwambia anyamaze. Nikashika karia, kile chuma cha nyuma cha kubebea tenga, kwa mikono miwili. Ilinuka. Nikasukuma.

Pikipiki ikatoka mchangani. Mume wangu alihisi wepesi, akageuka, akaniona, akageukia mbele tena. Tukaenda, yeye mbele kwenye usukani na mimi nyuma kwenye karia, watu pande zote mbili wanapiga kelele. Dresa akaonekana mwanzo wa kona ya mbali, amejaa makapi kichwani, anakuja kwa kasi yote.

Tulipobakiza hatua chache kufika kwenye chokaa, nikasimama.

Pikipiki ikasimama pia, kwa sababu niliishika. Mume wangu akavuta. Haikwenda.

"Mbona umesimama?" akauliza.

"Nimechoka."

"Anakuja."

"Namsikia."

Makelele yote yalikatika. Hata watoto. Mtani alisimama na plagi mkononi, mdomo wazi. Mume wangu aligeuka polepole, akanitazama vizuri, pengine kwa mara ya kwanza tangu usiku ule wa barazani.

"Zile talaka tatu," nikamwuliza, "ziko wapi sasa?"

Aliangalia mikono yangu juu ya karia.

"Ziko mikononi mwako," akasema.

"Vizuri. Nilitaka uzione zilipo."

Nikazishika kidogo zaidi. Niseme kweli, zilikuwa tamu. Tangu kuzaliwa nilijua talaka ni kitu kinachokaa mdomoni mwa mwanamume, na mwanamke huisubiri kama mvua, ije au isije. Sasa ilikuwa kwenye viganja vyangu viwili, na mwanamume alikuwa anasubiri. Chombo cha dresa kilikuwa karibu mpaka nikausikia mtetemo wake kwenye nyayo zangu. Nikasukuma.

Gurudumu la mbele likavuka chokaa, dresa akapita kwa ubavu wetu huku akitutupia mchanga, na kila mtu akapata sauti kwa pamoja.

Dresa alirudi akilalamika, na haki yake alikuwa nayo. Alisema mshindi amesukumwa, mashine yake ilikuwa imekufa, na huyo mama hakuwa amejiandikisha. Mtani alimsikiliza mpaka mwisho, akamtoa makapi kwenye nywele, akamwuliza, "Kijana, umeoa?"

"Bado."

"Basi nyamaza."

Watu wakamgeukia Mwalimu. Alinyanyuka kwenye mkeka, akajikung'uta, akasema mbele ya wote kwamba pikipiki ya mwapaji imetangulia na mke ni wake. Kisha akaenda kuirudishia plagi yake, na nilimsikia akiisemesha ile mashine kwa sauti ya chini, akiiomba radhi.

Taa ya karabai nilipewa mimi niibebe. Mume wangu alibebwa juu juu, akazungushwa uwanja mara mbili, akawaeleza watu jinsi alivyomkata dresa kwenye kona ya tatu. Kila mtu alimwambia kweli, kweli. Nilimwacha aseme. Nilikuwa mkewe bado na nilikuwa na njaa.

Jioni tulirudi nyumbani kwa miguu, yeye akikokota pikipiki, mimi na taa yangu. Tukaiacha njia ya shamba. Ndipo akasema, bila kunitazama, "Pikipiki sita haziwezi kufa kwenye kona moja."

"Ulijua?"

"Mzunguko wa kwanza. Mwalimu akae nyuma yangu? Nani angeamini?"

"Na hukusema."

"Ningesema nini? Nilikuwa naogopa." Alisukuma kidogo, akasimama kuondoa kijiti kwenye cheni. "Wale wote nilijua watanisubiri. Dresa nilijua hawezi kutusubiri. Wewe ndiye pekee ambaye sikujua."

Taa ilikuwa nzito, nikaihamishia mkono wa pili, tukaendelea kutembea, na wala sikumwambia kwamba pale kwenye chokaa hata mimi sikuwa najua.